Dada aliomba miezi mitatu

"Daktari, nikijaribu dawa za asili miezi mitatu halafu nikarudi, utanikuta vilevile?"

Dada aliuliza hivyo huku ameikunja mkononi ile ripoti ya kipimo cha kinyama alichotolewa, na mi nimekaa pembeni yake kama msindikizaji tu, sina la kuchangia. Majibu yalishatoka: saratani ya utumbo mpana, upande wa kulia, skani haijaonyesha kitu kwenye ini wala mapafu. Daktari alikuwa anataka kumwingiza kwenye orodha ya opresheni haraka. Dada anataka miezi mitatu.

Daktari hakumfokea. Alimwambia, "Mama, nikisema utabaki vilevile nitakuwa nimekudanganya. Ila siwezi kukulaza kitandani kwa nguvu."

Tukaondoka bila tarehe.

Hiyo miezi mitatu imenikaa kichwani wiki nyingi, hata sasa ambapo mambo yameshachukua njia yake. Dada yangu ana akili sana, ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa hiyo sikuweza kujipooza kwa kusema ah, huyu haelewi. Na kila nilipojaribu kumjibu kimoyomoyo nilikwama mahali palepale: mbona kuna wagonjwa wa saratani wanaoambiwa na madaktari wenyewe wasubiri, na hakuna anayelalamika? Kusubiri kwao kuna nini ambacho kusubiri kwa dada hakuna?

## Alichokuwa anakikimbia

Usiku ule nilimuuliza anaogopa nini hasa, maana "naogopa kisu" ni sentensi inayoficha mambo mengi.

Akanitajia. Anaogopa nusu kaputi, kwamba atalala asiamke. Anaogopa kuachiwa mfuko wa choo tumboni maisha yake yote, kwamba shemeji atamwangalia tofauti. Anaogopa wakifungua wakute imeenea wafunge tu, halafu arudi nyumbani na kidonda na habari mbaya juu yake. Na kubwa kuliko yote, alisema, pale hospitali hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya umri na kama ana aleji.

Yule mtaalamu wa tiba asilia aliyeelekezwa na rafiki yake alikaa naye mchana mzima. Alimuuliza anavyolala, anavyokula, kama kuna msiba hajaumaliza kuulilia. Dada alilia mbele yake. Alitoka pale anajisikia kama mtu tena, na mi naamini kabisa kwamba alipata kitu cha kweli kule, sitaki kukidharau. Ukishakaa kwenye benchi la hospitali saa nyingi kwa ajili ya dakika chache za kuongea na mtu anayeandika huku anakusikiliza, utaelewa kwa nini watu wanakwenda wanakosikilizwa.

Ile hofu ya mfuko tu, kwa mfano. Saratani ya utumbo mpana upande wa kulia mara nyingi inatolewa na kipande chake cha utumbo, kisha ncha mbili zinaunganishwa, na mtu anaendelea kwenda chooni kama kawaida. Mfuko unahusika zaidi na uvimbe ulioko chini karibu na njia ya haja kubwa, au opresheni za dharura, au kiungio kikileta matatizo. Dada alikuwa amebeba hofu hiyo mgongoni bure kabisa kwa sababu aliambiwa "tutakata" na sentensi ikaishia hapo.

Hofu nyingine hazikuwa za bure. Opresheni ya utumbo ni kubwa. Kiungio kinaweza kuvuja, damu inaweza kuganda miguuni, kidonda kinaweza kuoza. Aliyekwambia ni kitu kidogo hajakuheshimu.

## "Ikiguswa na upepo inasambaa"

Hii lazima niiandikie kwa urefu, maana ndo hoja iliyorudi mara nyingi kuliko zote, kwa mama, kwa mashangazi, kwenye grupu la WhatsApp la familia. Usiiguse. Ukiipasua inakasirika. Fulani alikuwa anatembea vizuri, wakampasua, mwezi hakuumaliza.

Sio imani ya watu wasiosoma tu. Mwaka 2003 watafiti Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa wa kliniki za mapafu, na asilimia 38 kati yao waliamini kwamba saratani inasambaa ikikutana na hewa wakati wa opresheni. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila watatu.

Hewa haisambazi saratani. Ila nadhani najua imani inatoka wapi, inatoka kwenye kitu ambacho watu wamekiona kwa macho yao: ndugu anachelewa kwenda, anapelekwa akiwa tayari imeshaenea kusikoonekana kwenye vipimo, anafunguliwa, daktari anakuta haitolewi, anafunga. Kisha anafariki. Familia inachokumbuka ni mpangilio, kwamba alipasuliwa halafu akafa, na mpangilio ule unaanza kuonekana kama ndo sababu yenyewe.

Na kuna punje ya ukweli humo ndani ambayo madaktari wangetusaidia sana wangeisema waziwazi. Kuna uvimbe ambao namna ya kuugusa ina maana kubwa. Korodani yenye saratani inatolewa kupitia kinena, haipasuliwi kwenye mfuko wake, ili seli zisipate njia mpya ya kusafiria. Saratani za misuli na mifupa, hata sindano ya kuchukua kinyama inapangwa ipite pale ambapo mpasuaji atakuja kupaondoa baadaye. Na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mashine za kusagia uvimbe wa kizazi ndani ya tumbo, kwa sababu kama ndani ya kile kilichodhaniwa ni uvimbe wa kawaida kulikuwa na saratani iliyojificha, mashine ilikuwa inaitawanya.

Kwa hiyo wapasuaji wenyewe wanaogopa kusambaza. Ndo maana wanatoa uvimbe mzima mzima, na nyama salama kiasi kuuzunguka, na kwa utumbo wanatoa na matezi yaliyo jirani. Nilipomweleza dada hivi alinyamaza muda, halafu akasema, "Sasa mbona hawatwambii hivyo?"

Sikuwa na jibu.

## Namba, na ile iliyonisumbua

Mi ni mtu wa kusoma, nikipata wasiwasi naingia intaneti, na intaneti kwenye mambo haya ni msitu. Lakini kuna tafiti mbili za watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ambazo nilizirudia tena na tena, zote za mwaka 2018.

Ya kwanza iliangalia watu 281 wenye saratani ya titi, tezi dume, mapafu au utumbo ambayo ilikuwa haijaenea mbali, waliochagua tiba mbadala peke yake. Ukiwalinganisha na waliopata tiba ya kawaida, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya utumbo, ugonjwa wa dada, ilikuwa zaidi ya mara nne.

Hiyo sikushangaa. Ya pili ndo ilinikosesha usingizi.

Hii iliwaangalia watu 258 waliochanganya, yaani wana tiba ya hospitali na wana tiba nyingine pembeni. Si ndo njia ya katikati ambayo wote tunaipendekeza? Nao walikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya waliotumia tiba ya hospitali peke yake. Nilisoma nikajiuliza, ina maana majani yanaua? Nikaendelea kusoma. Kumbe katika kundi hilo asilimia 7 walikataa opresheni waliyoshauriwa, wakati kundi lingine waliokataa walikuwa asilimia 0.1. Kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za saratani, walioikataa walikuwa asilimia 34 dhidi ya 3. Watafiti walipoiweka hiyo kwenye hesabu, yaani waliokataa au kuchelewa, tofauti ya vifo ikapungua mpaka haikuwa tena kitu cha kuaminika kitakwimu.

Nimeifikiria sana hii. Kilichowaumiza hao watu kilikuwa ile nafasi ambayo majani yaliichukua. Mtu anaingia kwenye "nachanganya" na kidogo kidogo anaacha kimoja, na kinachoachwa siku zote ni kile kinachouma.

Kuna na utafiti mwingine, wa mwaka 2020, ulikusanya tafiti 34 zenye wagonjwa zaidi ya milioni moja, ukaonyesha kwamba kila wiki nne za kuchelewesha opresheni zinapandisha hatari ya kifo kwa asilimia 6 mpaka 8. Haina maana watu 6 mpaka 8 wa ziada wanakufa katika kila 100, ni ile hatari uliyokuwa nayo ndo inaongezeka kwa kiasi hicho. Lakini miezi mitatu ni zaidi ya wiki nne mara tatu. Na zinajumlishana.

## Wapo wasiokatwa, na wako sawa

Dada naye alikuwa anasoma. Siku moja akaja na hoja ambayo nilitamani ningekuwa daktari niweze kuijibu palepale: "Mbona wanaume wa tezi dume wanaachwa na saratani yao?"

Ni kweli. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume iliyogunduliwa mapema, wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu kwa vipimo. Majibu ya miaka 15 yalitoka 2023: kila kundi, karibu asilimia 97 hawakufa kwa saratani hiyo. Waliofuatiliwa tu ilienea kwa wengi zaidi, hilo lazima lisemwe, ila vifo havikutofautiana.

Akaongeza na lingine. Brazili kuna daktari mpasuaji, Angelita Habr-Gama, ambaye mwaka 2004 alionyesha kwamba kuna wagonjwa wa saratani ya sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo ambao uvimbe wao ukishapotea wote kwa mionzi na kemo wanaweza wasipasuliwe. Wakati ule wenzake wengi walimpinga. Leo hii ni njia inayofuatwa nchi nyingi.

"Unaona," dada akaniambia. "Kumbe inawezekana."

Nilikaa na hilo siku kadhaa, na nadhani hapa ndo nilipofunguka. Wale wanaume wa tezi dume wanapimwa damu kila baada ya muda, wanapigwa picha, wanachukuliwa vinyama tena. Wale wa Brazili wanaingizwa kamera mara kwa mara, na katika karibu robo ya wanaofuata njia hiyo uvimbe unarudi ndani ya miaka miwili, na ukirudi wanaenda kupasuliwa. Yaani kusubiri kwao kuna mstari uliochorwa tangu siku ya kwanza. Ukivukwa, mpango unabadilika, hakuna mjadala.

Miezi mitatu ya dada haikuwa na mstari wowote. Hakuna kipimo katikati, hakuna dalili ambayo ikitokea tutasema basi. Halafu uvimbe wake ni wa aina nyingine, wa utumbo mpana kule juu, wenyewe haujapigwa mionzi wala kemo, ungebaki pale unaendelea na kazi yake.

## Swali tulilompelekea mtaalamu

Sikutaka kumkataza. Nani amkataze dada yake mkubwa? Nilimwomba tu, akienda tena kule twende wote na amuulize kitu kimoja.

Alimuuliza kwa adabu sana. "Mzee wangu, tutajuaje kama dawa imeshindwa?"

Yule mzee akasema dawa haishindwi mtu akiwa na imani. Dada akauliza tena, lakini ikitokea, tutaona nini? Damu ikizidi? Nikikonda? Akajibu damu ikizidi ni uchafu unatoka, na kukonda ni mwili unajisafisha. Kisha akaongeza kwamba masharti ni asirudi hospitali wakati wa dozi kwa sababu mionzi ya skani inaharibu dawa.

Mi nilikuwa nimeshajiandaa kubishana. Haikuhitajika. Dada alisimama, akashukuru, akalipia alichokuwa anadaiwa, tukatoka. Kwenye gari akasema, "Kila kitakachotokea kitakuwa ushahidi kwamba inafanya kazi. Hata nikifa atasema imani yangu ilikuwa ndogo."

Namba zangu zote zile hazikumfikisha hapo. Alifika mwenyewe kwa swali lake.

Na nataka kuwa mkweli, sio wataalamu wote wako hivyo. Kuna wanaomwambia mtu kautoe uvimbe kwanza halafu njoo tushughulike na usingizi na hamu ya kula. Kwangu mi tofauti yao yote iko kwenye hicho: anakuruhusu upimwe, au anakukataza?

## Wiki za kungoja zilipopata kazi

Tulirudi hospitali. Bado foleni ilikuwepo, opresheni haikuwa kesho yake, na nilihofia wiki hizo zitamrudisha nyuma. Tukapata muuguzi mmoja, Mungu ambariki, aliyemkalisha chini akampa kazi za kufanya. Kutembea kwa kasi kila siku mpaka apumue kwa shida kidogo. Mazoezi ya pumzi. Protini kwenye kila mlo. Damu yake ilikuwa chini kwa sababu uvimbe ulikuwa unavuja muda mrefu bila yeye kujua, wakamwongezea madini ya chuma kwa dripu. Na akapewa mtu wa kuongea naye kuhusu ile hofu ya kulala asiamke.

Mbona hiki ndo kile alichokuwa anakitafuta kule? Mwili mzima, akili, chakula, pumzi. Tofauti ni kwamba hiki kilikuwa kinamuandaa kwa kisu, na kina ushahidi wake. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa wagonjwa 251 wa opresheni ya saratani ya utumbo: waliopewa wiki nne za mazoezi, lishe, msaada wa kisaikolojia na kusaidiwa kuacha sigara kabla ya kulazwa, waliopata matatizo makubwa baada ya opresheni walikuwa asilimia 17, dhidi ya asilimia 30 hivi kwa wenzao. Ninaandika hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu hospitali nyingi zina uwezo wa kumwambia mgonjwa atembee na ale, na hazimwambii. Zinampa tarehe na karatasi ya vipimo. Ule uwazi mkubwa zinaouacha, mtu mwingine anakuja kuujaza.

Dada alibadilika. Alianza kusema "naenda kufanyiwa opresheni" badala ya "wanataka kunipasua".

## Orodha ya vyupa

Kabla hajalazwa aliandika kila anachokunywa na kukipeleka. Vidonge vya manjano, vya kitunguu saumu, chai moja ya majani, saplimenti mbili alizotumiwa. Aliogopa atagombezwa. Daktari wa usingizi alisoma mstari kwa mstari, akamwambia vidonge vya kitunguu saumu na manjano asimamishe wiki mbili kabla maana vinaweza kuongeza kutoka damu, chai aisimamishe pia kwa kuwa hawezi kujua ndani kuna nini, na kitunguu saumu cha kwenye chakula aendelee nacho bila wasiwasi.

Hakuna aliyemcheka. Na nani atacheka mimea? Vinkristini, dawa ya kemo inayotumika kwa watoto wenye saratani ya damu, inatokana na ua la Madagaska. Irinotekani, mojawapo ya dawa za saratani ya utumbo ikishaenea, chanzo chake ni mti wa Uchina, na waliokipata kiini chake mwaka 1966 ni Monroe Wall na Mansukh Wani, haohao waliokuja kupata dawa nyingine ya saratani, pakilitakseli, kwenye gome la mti mwingine. Halafu kuna mmea unaitwa St John's wort, watu wanaunywa kwa ajili ya stresi, na huo unapunguza nguvu ya irinotekani mwilini. Mmea unaua kazi ya mmea mwenzake, na aliyekunywa vyote viwili kwa siri hatajua kwa nini tiba yake haikuitikia.

Ndo maana nasema siri ni hatari kuliko majani.

## Sasa

Opresheni ilifanyika. Aliamka. Hakuna mfuko. Siku za kwanza zilikuwa ngumu, maumivu yalikuwa makali kuliko alivyoambiwa, na tumbo lilichelewa kuanza kufanya kazi.

Kisha majibu ya maabara: matezi mawili yamekutwa na seli za saratani. Hazikuonekana kwenye skani. Kama asingepasuliwa tusingejua, na nikifikiria miezi mitatu ile, mikono inakufa ganzi.

Basi sasa ni kemo, na mizani imerudi mezani upya, maana dada ni fundi cherehani na dawa mojawapo, oksaliplatini, inaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya vidole, wengine inabaki hivyo miaka. Safari hii hakwenda kutafuta mtu wa kumsikiliza pembeni, alimwambia daktari moja kwa moja: mi naishi kwa vidole hivi. Daktari akaweka kalamu chini akamweleza kwamba tafiti zilizounganishwa na kuchapishwa mwaka 2018 zilionyesha kuwa kwa wagonjwa wa kiwango chake, miezi mitatu ya dripu na vidonge inakaribia sana faida ya miezi sita, na ganzi inapungua sana. Wamekubaliana mitatu.

Na akamwambia aendelee kutembea hata kemo ikiisha. Mwaka 2025 yalitoka majibu ya watu 889 waliomaliza opresheni na kemo ya saratani ya utumbo mpana, nusu wakapewa mpango wa mazoezi wa miaka mitatu wenye mtu wa kuwasimamia: baada ya miaka 8 waliokuwa hai ni asilimia 90, na kwa waliopewa kijitabu tu ni asilimia 83. Shemeji ameshanunua viatu, wanatembea wote jioni, taratibu kwa sababu ya kidonda.

Manjano ameuliza kama anaweza kurudia. Wamemwambia kwenye chakula sawa, vidonge bado. Dripu ya kwanza inaanza kidonda kikipona, na ameomba iwe siku ya Ijumaa ili apate wikiendi ya kulala kabla ya kurudi kwenye cherehani. Wamemkubalia.